Mama Subiri na Kaburi la Kando ya Uzio

Wengi wenu mmeniuliza kwa nini mazishi yalisogezwa kutoka jana hadi leo, na kwa nini kaburi liko kule kwenye uzio, si chini ya dirisha langu kama nilivyotangaza. Mtaelewa. Mimi si mtu wa kuandika sana. Mjukuu wetu ananisomea.

Marehemu mke wangu alizaliwa tarehe 3 Juni 1953, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani. Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, akaenda sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, akahitimu mwaka 1977. Alisomea mambo ya kale. Baba yake alimuuliza, "Yaani mwanangu, nimekusomesha ukachimbe?"

Aliajiriwa mwaka uleule na idara ya mambo ya kale. Kazi yake ilikuwa hii: kabla mtu hajajenga barabara, bwawa au ghorofa, yeye aende kwanza. Atazame kama pana magofu au makaburi ya zamani. Aseme mradi utaharibu nini, na usogezwe wapi. Kabla. Neno hilo halikuwaingia watu kichwani miaka yote thelathini na sita. Walimwita wakati greda limeshapita, aokote vipande. Wakandarasi walimpa jina la Mama Subiri. Mhandisi mmoja alimwambia mbele yangu, "Mama, hayo si mawe tu?" Akamjibu, "Hata nyumbani kwako ni mawe tu. Twende tukabomoe?" Leo ofisi ya mhandisi yule imeleta shada kubwa. Shada ni zuri. Wangezisoma ripoti zake ingekuwa vizuri zaidi.

Tulikutana kazini, mwaka 1980. Mimi nilikuwa mchimba vyoo. Alitafuta kibarua wa kumchimbia shimo la kukagulia ardhi, mahali palipotakiwa kujengwa soko. Akanipa kazi, akaenda kutafuta chai. Aliporudi alinikuta nimezama hadi mabegani, najisifu moyoni. Akashika kichwa.

"Kaka, umefanya nini?"

"Nimemaliza, dada."

"Si nilisema kidogo kidogo? Tabaka kwa tabaka?"

"Shimo ni shimo."

"Toka humo kabla sijakufukia!"

Tulifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1981, tukajaliwa watoto watatu. Alinifundisha kuchimba upya, kwa mwiko na brashi, na hakuacha kunigombeza.

Alistaafu mwaka 2013. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alipolazwa, nje ya dirisha la wodi walikuwa wanabomoa baraza la zamani la hospitali.

"Nani amekagua pale?"

"Bibi, lala," nesi akamwambia.

"Nitalalaje na wanabomoa?"

Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Oktoba 2023, mchana. Mimi nilikuwa nimetoka kumnunulia maji. Yeye, Mama Subiri, hata hilo hakusubiri.

Nilimchagulia mahali chini ya dirisha. Goti langu halinifikishi mbali, na nilitaka nikiamka nimwone. Juzi wapwa zangu wakaanza kuchimba. Kina cha magoti tu, wakagonga mawe.

"Mjomba, mawe tu haya. Tuyang'oe?"

Nikachungulia. Yalikuwa yamepangwa mstari, na chokaa katikati. Ukuta wa watu wa kale. Viwanja vya watu alivikagua, chetu hakuwahi.

Mdogo wake marehemu akaja juu. "Shemeji, watu wameshafika, dada yuko mochwari, wewe unaangalia mawe? Ng'oeni!" Wapwa wakashika sururu. Ningenyamaza tu, wangeng'oa, na hakuna ambaye angejua. Angelala pale nilipotaka.

Nikasema wafukie. Udongo uleule, na mawe yasiguswe.

Shemeji akasema msiba umenichanganya. Haujanichanganya. Nimekasirika, na bado nimekasirika. Miaka arobaini na miwili ya ndoa, mwanamke huyu amenifanya nishindwe hata kuchimba shimo.

Kule kwenye uzio nilikagua kwanza, kwa mwiko. Ni udongo mtupu. Jirani ana jenereta lake upande wa pili, na jiko letu limekinga. Kutoka dirishani hapaonekani kabisa.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu saba, mdogo wake wa kiume mwenye hasira, na ukuta ambao wenzake wa idara watakuja kuupima wiki ijayo. Watakuja kabla, safari hii. Ilibidi afe.

Mwanangu, peleka benchi la barazani kule kaburini kabla watu hawajatawanyika. Mama yako apumzike kwa amani. Mimi nitakuwa nakuja kila asubuhi, polepole.