Mwalimu Kunegunda Gama na Mbuzi Aliyekosea Kila Kitu

Wapendwa ndugu, majirani, walimu wenzake, na ninyi watoto wa Bombambili mliokuja asubuhi hii kumsindikiza mwalimu wenu.

Marehemu Kunegunda Fransisko Gama alizaliwa Hanga tarehe 3 Machi 1951, siku ya mtakatifu somo wake, ndiyo maana hakuna aliyesumbuka kumtafutia jina. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Fransisko Gama na Mama Rosemary, wakulima wa mahindi na maharage. Tangu mdogo hakuwa mtoto wa kukaa kimya. Alipotumwa shambani kufukuza nyani, alikuwa akizungumza peke yake kwa sauti mbili, moja ikiuliza na nyingine ikijibu, mpaka jirani mmoja akaja kumuuliza Mama Rosemary yule mtoto wa pili ni wa nani. Mama akamjibu, "Yuko mmoja tu, ila anatosha wawili."

Alisoma Hanga hadi darasa la nne, kisha akaenda shule ya kati ya wasichana Peramiho, alikomaliza darasa la nane mwaka 1966. Masista walimpenda na kumwadhibu kwa sababu ileile: alijua kuiga sauti ya kila mmoja wao. Baadaye alisomea ualimu daraja C, akahitimu mwaka 1969.

Januari 1970 alipangiwa Mbesa, wilaya ya Tunduru, kufundisha darasa la kwanza. Hapo alipata shida ambayo chuoni hakuambiwa. Watoto walizungumza Kiyao nyumbani, Kiswahili walikiogopa, na mwalimu mgeni walimwogopa zaidi. Aliuliza, wakanyamaza. Aliimba, wakamtazama. Wiki zikapita, naye akaanza kufikiri kwamba ualimu haukuwa kazi yake. Siku moja mbuzi akachungulia mlangoni. Mwalimu Kunegunda, kwa kuchoka tu, akamwambia, "Karibu ndani, kuku."

Ndipo msichana aitwaye Zena, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu muhula uanze, akasema kwa matamshi ya Kiyao, "Mbusi, Mwalimu. Siyo kuku." Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu akajifanya haamini. Akabisha kwamba ni kuku, ana manyoya. Watoto wakasimama juu ya madawati kumsahihisha, kwa Kiyao, kwa Kiswahili, kwa vidole. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba ualimu wake wote aliupata siku ile: mtoto anayeogopa kujibu haogopi kusahihisha.

Tarehe 17 Julai 1976 alifunga ndoa katika Kanisa Kuu la Songea na Bwana Leonce Mapunda, fundi cherehani, wakajenga Bombambili. Watu walishangaa wanaelewanaje. Mume alikuwa mtu wa kuitikia "naam" akatosheka. Mke akizungumza unasikia kutoka barabarani. Mungu aliwajalia watoto watatu, Oliva, Beda na Adela.

Alifundisha shule za msingi mjini Songea hadi mwaka 1990. Zilikuwa nyakati za mambo kufunguka. Maduka yalijaa bidhaa, redio-kaseti zilipiga muziki kila kibanda, na vibanda vya video vikaota mjini kama uyoga. Watoto wadogo walichungulia kwenye matundu ya magunia yaliyozungushiwa vibanda hivyo, kisha wakaja kupigana mateke kama walivyoona. Wazazi walilalamika. Mwalimu Kunegunda hakulalamika. Alimwambia mumewe, "Baba Oliva, watoto wanapenda kutazama. Basi tuwape cha kutazama."

Mwaka 1991 alifungua chekechea barazani kwake. Bwana Leonce akakata koti lake kuukuu jeusi, akashona mbuzi wa kuvaa mkononi, mwenye pembe za kitambaa, macho ya vifungo na ndevu za katani. Mbuzi akaitwa Sijui. Sijui alijua kila kitu, na kila alichokijua kilikuwa makosa. Akihesabu, alisema, "Moja, mbili, nne!" Baraza zima likapiga kelele, "Tatuuu!" Naye akajibu kwa hasira, "Mnanibishia mimi? Hamzioni ndevu zangu? Nimesoma mimi!"

Walikuwepo waliosema kwamba mwalimu anawafundisha watoto utovu wa adabu, kubishana na mwenye ndevu. Aliwakaribisha kukaa barazani asubuhi nzima. Wengi waliondoka wakicheka, na wiki iliyofuata wakaleta watoto wao.

Redio za watu binafsi ziliporuhusiwa, moja ilianza kurusha matangazo hapa mjini, na mwaka 1998 ikampa Mwalimu kipindi cha Jumamosi saa tatu asubuhi, kilichoitwa "Msahihishe Sijui". Aliingia studio na watoto wake wa chekechea, wakakaa sakafuni. Mbuzi hakuonekana redioni, lakini Mwalimu alimvaa mkononi vilevile, kwani alisema bila mbuzi sauti haitoki. Jumamosi ukipita sokoni Bombambili ulisikia "Tatuuu!" ikitoka vibandani, na wauza nyanya nao wamo.

Mwaka uliofuata likatokea jambo ambalo wengi wenu mnalikumbuka. Bwana Azizi, mfanyabiashara kutoka Tunduru, alikuwa ameleta sharubati ya unga, na meneja wa vipindi, kijana aitwaye Valence, alitaka itangazwe na Sijui.

"Mwalimu, mbuzi aseme tu kwamba ukinywa sharubati hii unapata akili."

"Valence mwanangu, mbuzi huyu hajawahi kusema kweli tangu nimfahamu. Una hakika unataka aseme yeye?"

"Ndiye watoto wanayempenda."

"Haya. Ila nimekwambia."

Kipindi kilikuwa cha moja kwa moja. Sijui akakohoa, akasema kwa majivuno, "Watoto, kunyweni sharubati ya unga, mpate akili kama zangu!" Watoto hawakusubiri. "Siyo kweliii!" Mmoja akaongeza peke yake, hewani, mkoa mzima ukisikia, "Akili anazo Mwalimu, na yeye anakunywa uji!" Valence akaweka muziki haraka, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Jumatatu kipindi kikafutwa. Mwalimu Kunegunda aliyejiamini siku zote alikaa barazani na mbuzi mapajani, hakumvaa. Kilichomuuma hasa ni kusikia kwamba Valence naye angepoteza kazi. Alimwambia mumewe kwamba huenda safari hii mzaha ulipita kiasi. Bwana Leonce akashona mshono mzima ndipo akajibu: "Walisema kweli."

Siku chache baadaye Bwana Azizi mwenyewe alibisha hodi. Alikaribishwa, akakaa, uso ameukunja.

"Mwalimu, umeniharibia. Mjukuu wangu amekataa sharubati yangu, mezani kwangu mwenyewe. Ananiambia, 'Babu, siyo kweli.'"

"Pole, Bwana Azizi. Na dukani?"

Hapo mzee akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akafuta macho. "Dukani imekwisha! Wallahi, wanakuja wote kuulizia ile ya mbuzi."

Alikuwa amekuja kusema kwamba atakidhamini kipindi kirudi hewani, na mbuzi asitiwe tena neno la biashara mdomoni. Mwalimu akakubali kwa sharti moja, kwamba Valence abaki kazini. Alibaki. Yuko nasi hapa leo, amebeba taji la maua la redio.

Mwishoni mwa mwaka 2002 sauti ya Mwalimu ilianza kukwaruza. Alidhani ni vumbi la chaki. Alitibiwa Peramiho, akapewa rufaa kwenda Dar es Salaam, ikagundulika ni saratani ya koo. Alifanyiwa upasuaji, akarudi Songea akiwa hai na akiwa na mnong'ono tu. Kwa mtu kama yeye, mnajua wenyewe hilo lilikuwa pigo gani. Alilia siku ya kwanza. Siku ya pili alimvisha mumewe mbuzi mkononi.

Bwana Leonce akakataa. "Mama Oliva, mimi hata kanisani naitikia kwa shida."

Akamnong'oneza, "Siyo wewe utakayesema. Ni Sijui."

Jumamosi ya kwanza Bwana Leonce aliketi studio, mbuzi mkononi. Akavuta pumzi, akahesabu, "Moja, mbili, tatu, nne, tano." Sahihi kabisa. Watoto wakatazamana, hawakujua la kufanya. Mwalimu akajipiga kofi kwenye paji la uso, mabega yakimtikisika kwa kicheko kisichotoka. Bwana Leonce akagundua, akasema mbele ya kipaza sauti, "Jamani, nimesahau kukosea." Watoto wakapasuka, na mkoa ukapasuka nao. Tangu hapo alikosea vizuri kuliko mtu yeyote, na majirani wanashuhudia kwamba siku hizi anazungumza hadi dukani.

Ugonjwa ulirudi mwezi Mei mwaka huu. Mwalimu aliomba auguzwe nyumbani, kitanda kikae chumba cha mbele, karibu na watoto wanaosoma barazani. Alipokea Sakramenti ya Wagonjwa, na asubuhi ya Alhamisi, tarehe 7 Oktoba 2004, akiwa ameshikwa mkono na binti yake Oliva, ambaye sasa ndiye mwalimu wa chekechea ile, alifariki dunia. Watoto walikuwa wakiimba. Oliva hakuwasimamisha mpaka wimbo ulipokwisha.

Marehemu ameacha mume, Bwana Leonce Mapunda, watoto watatu, Oliva, Beda na Adela, wajukuu, ndugu zake wa Hanga, marafiki wa Mbesa, akiwemo Zena, aliyesafiri tangu jana na leo ni mwalimu mkuu, pamoja na wanafunzi ambao wengine wameshaleta watoto wao wenyewe kusoma pale pale barazani.

Mungu Baba amlaze mahali pema, katika amani yake.

Aliacha agizo moja kuhusu mazishi haya. Watoto wakae mbele, karibu na kaburi, na mtoto atakayelia, atakayeuliza au atakayecheka, asinyamazishwe na mtu yeyote.