Mtumbwi Uliofudikizwa Minjila

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni apunguze moto, aje akae nami kidogo. Ni mimi Swabra, binti wa Kipini, yule mnayesema mdomo wangu hauna breki. Leo breki zipo. Tumempoteza Mama Priscilla Dhadho, mkulima wa Minjila. Alizikwa Jumamosi iliyopita, nyumbani kwake, karibu na shamba lake la mahindi. Mahindi yenyewe yalikuwa yamefika kifuani, kijani kibichi, hata mimi nisiyejua kushika jembe niliyasifu.

Huku kwetu wengi mlimwita Mama Kizibo. Alikuwa amefunga kizibo cha soda kwenye ncha ya leso, na hakiondoki. Kizibo kimoja cha mbolea kwa kila shina. Unakiweka mbali kidogo na shina, kisha unafukia. Ukimwaga ovyo jua linaila, alisema, na ukigusisha shina unalichoma. Mama Priscilla alifundisha hivyo kanisani baada ya ibada, alifundisha kwenye foleni ya kusagia unga, na mimi mwenyewe alinifundisha hapa studio nilipomwita kwa mambo mengine kabisa.

Lakini hakuzaliwa akiyajua hayo. Wazee wetu hawakununua mbolea. Mto ulifurika, ukarudi, ukaacha tope jeusi, na mtu akapanda kwenye hilo tope akala. Siku hizi mto hauna adabu. Mwaka mmoja hauji, mwaka mwingine unakuja kuchukua mpaka kitanda. Mama Priscilla akawa anapanda, mahindi yanaota vizuri, kisha yanaanza kugeuka manjano. Majani ya chini ndiyo yanayotangulia. Manjano inaanzia kwenye ncha inapita katikati ya jani. Yeye alidhani ni jua. Mumewe, Mzee Danson, alidhani ni jicho la jirani. Mzee Danson ameniruhusu niliseme hilo, akacheka kidogo alipokuwa ananiambia, kile kicheko cha mtu aliyefiwa.

Kumbe mahindi yalikuwa na njaa. Bwana shamba George, wa kule Tarasaa, ndiye aliyewaeleza. Mmea unahitaji naitrojeni ili uwe kijani na unenepe. Ukiikosa udongoni, unaichukua kwenye majani yake ya zamani kuyapa yale machanga. Mama Priscilla alisikia hivyo akasema, basi huyu ni mama, anajinyima alishe watoto. Tangu siku hiyo alinunua mbolea mara mbili kwa msimu, ya kupandia na ya kukuzia. Ile ya kukuzia ni yuria, chembe nyeupe, anaiweka mahindi yakifika gotini na ardhi ikiwa na unyevu. Shamba likabadilika. Majirani wakaja kutazama, naye akawafundisha bila kinyongo.

Sasa wasikilizaji wapendwa, nisikilizeni vizuri hapa. Nataka kuwaambia habari ya Mama Priscilla na Mama Darmi.

Mama Darmi ni mfugaji, Muorma, boma lake liko upande wa pili wa uwanda. Mama Priscilla alikuwa mkulima, Mpokomo. Kando ya shamba la Mama Priscilla inapita malka, ile njia ya ng'ombe ya kuteremkia mtoni. Mnajua wenyewe jinsi njia hizi zilivyotugombanisha. Lakini wale wawili walikuwa mashoga. Asubuhi Mama Darmi anapita na kibuyu cha maziwa anamwachia mwenzake. Mahindi yakivunwa, ng'ombe wa Mama Darmi wanaingia kula mabua, na samadi inabaki shambani. Watoto wao walijuana kwa majina. Metrine, binti wa Mama Priscilla, ameniambia yeye alilelewa na maziwa ya Mama Darmi.

Msimu mmoja mvua ilivuja ghalani. Gunia la yuria likaloa, mbolea ikaganda ikawa jiwe. Nani atatupa mbolea kwa bei hizi? Mama Priscilla alikuwa na mtumbwi mkuukuu uliopasuka ubavu wa juu, umelazwa kwenye mpaka wa shamba. Akatia maji ndani yake, akatumbukiza yale mabonge yayeyuke. Alipanga kuyachota kwa kopo na kumwagia mahindi jioni. Akafunika kwa majani ya mgomba, akaenda nyumbani kupika.

Mkulima akiuona mtumbwi kama ule, anaona chombo cha kazi. Mfugaji akiuona una maji, anaona hori la kunyweshea. Ng'ombe nao hawaulizi. Wa Mama Darmi walikuwa wanashuka malka kwa kiu, wakasukuma yale majani, wakanywa. Yuria ni chakula cha mahindi. Kwenye tumbo la ng'ombe ni sumu, tena ya haraka. Hawakufika mtoni. Walianza kutetemeka, matumbo yakajaa, wakaanguka palepale njiani. Ng'ombe watatu walikufa. Mmoja ndiye aliyekuwa akitoa yale maziwa ya kila asubuhi.

Bwana shamba George amelia kwenye simu akiniambia habari hii. Anasema aliwafundisha kuhifadhi mbolea pakavu na mbali na watoto, ila habari ya ng'ombe hakuitaja. "Nilikuwa nazungumza na wakulima," aliniambia.

Neno lililotoka siku hiyo mnalijua hata kabla sijalitamka. Wametegewa sumu. Vijana wa upande ule wakaanza kukusanyika, na wa upande huu wakasikia, nao wakakusanyika. Hakuna aliyekuwa ameangalia mtumbwi. Mama Priscilla alipokwenda kuchota maji yake, akakuta yamepungua na kwato zimejaa kando, akajua. Akafudikiza mtumbwi, akakaa chini.

Mzee Danson alimsihi anyamaze. Alimwambia waseme ni ugonjwa, au ni nyoka, au wasiseme kitu. Aliogopa, na mimi simlaumu, maana nyumba zimewahi kuchomwa huku kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akajifunga leso, akamshika Metrine mkono, wakavuka uwanda wawili hao kwenda bomani kwa Mama Darmi. Wakapita katikati ya vijana waliokuwa na fimbo na mikuki. Metrine anasema hakuna hata mmoja aliyewasalimia.

Mama Priscilla akasema mbele ya wazee wote. "Ng'ombe zenu zilikunywa maji yangu. Mimi niliweka mbolea ndani, sikufikiri ng'ombe. Hakuna mtu mwingine. Ni mimi."

Jamani, maneno hayo nimeyapata kwa Metrine mwenyewe. Mama yule alikuwa hana mlinzi wala karatasi ya chifu.

Wazee waliteta kwa lugha yao kwa muda mrefu. Wakakubali kwamba haikuwa kusudi. Wakamtaka jambo moja, aende kila boma na kila kijiji kando ya malka, aseme kwa mdomo wake ni kitu gani kiliua. Vijana wakaambiwa watawanyike, wakatawanyika. Lakini Mama Darmi hakuwa amefungua kinywa. Alikuja kufungua wageni walipokuwa wanaondoka.

"Kama ungenyamaza, mimi singejua," alimwambia. "Sasa najua. Nenda nyumbani."

Maziwa hayakuja tena. Ng'ombe wa Mama Darmi wakaanza kuzunguka njia ndefu kwenda mtoni. Mabua ya mahindi yakakauka shambani bila wa kuyala.

Mama Priscilla akaanza ile kazi aliyopewa. Alitembea Minjila, Tarasaa, akapanda mpaka Wenje. Kwa wakulima alisema, lisheni mahindi, lakini mbolea ifungiwe, gunia likiisha lizikwe, na maji ya mbolea yasiachwe hata kwa dakika ya kusema salamu. Kwa wafugaji alisema, msinyweshe kwenye chombo cha shambani msichokijua, na mkiona ng'ombe anatetemeka, mwiteni daktari wa mifugo upesi. Kila alipofika alianza kwa kusema, ng'ombe watatu wa Mama Darmi niliwaua mimi. Watu walimwambia hilo aliache sasa, limepita. Yeye hakuliacha. Hapa studio alilisema, nami nikamkonyeza tuendelee mbele, akanitazama tu, akalirudia.

Na ule mtumbwi? Ulibaki vilevile, umefudikizwa, tumbo juu. Mzee Danson alitaka kuupasua kuni. Mama Priscilla akakataa katakata. Alimwambia Metrine kwamba mwenye kuugeuza ni Darmi peke yake. "Mimi sina ruhusa ya kuugeuza," alisema. Kila asubuhi alikuwa akipita pale kwenda kupalilia, anautazama, anapita.

Presha ilimsumbua mwaka huu wote. Mwezi uliopita akalazwa, akarudishwa nyumbani, akalazwa tena. Alifariki alfajiri ya Jumatano, Metrine akiwa kando yake. Metrine anasema mama yake aliuliza kama kuna mtu amepita malka.

Jumamosi, mwili ulikuwa umeshashushwa, mchungaji anamalizia sala, watu wakasikia kengele za ng'ombe. Mama Darmi alikuwa anakuja kwa njia ile ya zamani. Ana kibuyu begani, ng'ombe wachache nyuma yake. Watu wakampisha. Hakwenda kaburini kwanza. Alikwenda kwenye mtumbwi. Akawaomba wanaume wawili waugeuze. Akausugua ndani kwa majani na mchanga, akaomba maji ya mto, akausuuza, akauosha tena. Kisha akaujaza. Mimi nilikuwapo, wasikilizaji, nimesimama karibu na mtumbwi.

Akainama, akachota kwa kiganja, akanywa yeye kwanza. Ndipo akawaachia ng'ombe.

Walipomaliza kunywa alimwendea Metrine, akampa kibuyu. Kilikuwa na maziwa. Akasema, "Kila msimu nilisema nitakuja msimu ujao." Metrine akamshika, wakakaa chini pamoja kwenye udongo uliofukuliwa.

Kwa Mzee Danson, kwa Metrine, kwa ukoo wote wa Dhadho pale Minjila, poleni. Poleni sana. Na wewe Mama Darmi, najua redio iko hapo bomani, pole nawe, maana umefiwa kama wao. Mungu ampumzishe Mama Priscilla mahali pema.

Nawe unayenisikiliza, una mtu wako. Unamjua. Alikuja akakuambia ukweli, ukamwambia nenda nyumbani, na ulikuwa na haki ya kukasirika. Hasira ile bado unayo, au unaona haya tu kurudi? Mama Priscilla alimngojea Mama Darmi apite malka. Jumamosi mtumbwi uligeuzwa, ukaoshwa, ng'ombe wakanywa. Sote tuliokuwa pale tuliona, isipokuwa yeye.