Simu Arobaini na Saba: Risala ya Kikundi cha Pokezana kwa Mkurugenzi wa Mji

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Mji wetu, pole kwa ngazi. Sisi wanakikundi tisa wa Pokezana tunakukaribisha katika chumba hiki ulichotuazima mwaka jana, kwa sharti kwamba watumiaji wetu wasipungue mia mbili hadi leo. Sharti hilo tunalikumbuka vizuri, na tutaligusia mbele katika risala hii.

HISTORIA

Kikundi kilianzishwa na fundi simu, yule aliyesimama mlangoni akijifanya anakagua waya. Kilichomkera ni kwamba mtambo mkuu wa mawasiliano ukizimika, hata watu waliopakana ukuta hawawezi kutumiana salamu. Akaunda programu isiyo na mtambo mkuu. Ujumbe hutoka simu moja kwenda nyingine iliyo jirani, ukabebwa hivyo hivyo mpaka umfikie mwenyewe. Hubebwa ukiwa umefungwa, na anayeubeba hawezi kuusoma. Wabebaji wakiwa haba, unakaa pale ulipo.

MAFANIKIO

Programu inafanya kazi. Mtambo mkuu ulipozimika siku mbili, sisi tuliendelea kuandikiana, ingawa tulikuwa chumba kimoja na tungeweza kuongea tu.

Watumiaji ndio walikuwa shida. Fundi alibandika matangazo, akazunguka sokoni, akaeleza usalama wa ujumbe hadi sauti ikakauka. Watu walimsikiliza kwa adabu, wakaenda zao. Siku moja alishuka kwa shangazi yake, mshona nguo wa chumba cha chini, akajitupa kwenye kiti cha wateja.

"Shangazi, watu hawaji."

"Waje kufuata nini? Kwani huko kuna nani?"

"Nipo mimi."

"Wewe wanakuona bure kila siku, baba."

Miaka mitatu fundi alikuwa akijibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza; hili la shangazi ndilo la kwanza kuulizwa. Iliuma.

Tangu wiki ile, Shangazi akimaliza nguo hampigii mteja simu. Anamtumia taarifa kwa Pokezana, basi. Mteja akija kulalamika, anaambiwa, "Nilikuandikia. Ingia kwa mpwa wangu uone." Kwa njia hiyo ameleta watu thelathini na mmoja, wengi kuliko sisi sote na matangazo yetu.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, mwaka jana tulikusomea hapa kwamba tuna watumiaji mia mbili na kumi na wanne. Ulipiga makofi, nasi tukapiga.

Kwa kuwa hakuna mtambo mkuu, hakuna daftari la watumiaji. Tulihesabu simu ambazo simu ya fundi ilikutana nazo. Mwezi uliopita waya wa kuchajia kwenye kabati lake uliungua, na hesabu ikaanguka hadi arobaini na saba siku ileile. Fundi alifungua kabati, akakaa chini sakafuni. Ndani mlikuwa na simu mia moja sitini na saba za vipuri, ambazo aliwahi kuzijaribia programu akasahau kuifuta. Mwaka mzima zilikuwa zikisalimiana zenyewe.

Arobaini na saba ni hawa: sisi tisa, Shangazi, wateja wake thelathini na mmoja, na ndugu zetu sita walioona haya kukataa.

Baadhi yetu tulishauri tubadilishe waya tukae kimya. Fundi alisema, "Nimeunda kitu ili watu waaminiane, halafu nianze kwa kudanganya?" Aliiandika hesabu hii kwa mkono wake, akaomba isomwe na mwingine. Tunajua kwa kusema haya tumejitoa wenyewe katika chumba hiki. Inatuuma, yeye zaidi.

MAOMBI

Hatuombi vifaa. Tunaomba miezi sita zaidi humu, na kwamba taarifa za kukatwa maji zipitie pia Pokezana, ili watu wawe na cha kufuata.

Ombi la mwisho ni jepesi. Mwaka jana uliweka programu hii mbele yetu, picha ikapigwa, ukaizima. Kuna ujumbe unaokungoja tangu mwezi wa tatu. Sisi tunaubeba, hatuwezi kuusoma, ila mwandishi wake ametuambia mwenyewe yaliyomo. Ni Shangazi. Koti uliloagiza kwa ajili ya sherehe ya leo liko tayari, limetundikwa chini, na tumesikia unasema huko ofisini kwamba mshonaji yule ni mwongo.

Mgeni rasmi, iwashe sasa hivi, ukiwa umekaa. Tutanyamaza tusikie ikilia. Utakuwa wa arobaini na nane, na huyo hatutamkuta kabatini.

Mungu akujalie afya, akushushe ngazi salama, na koti likukae vema.

Ni sisi,
Kikundi cha Pokezana, chumba cha juu