Mtaa wa Nyamalulu Unajua Kupiga Kura

Saa moja asubuhi benchi la Eustace muuza kahawa, pembezoni mwa mji wa Geita, lilikuwa limeshajaa. Mwalimu mstaafu Gelasius, ambaye mtaa mzima humwita Matokeo kwa kuwa anakumbuka kura za kila uchaguzi, alifika amenuna. Mkewe Klara alikuwa ameteleza na ndoo akitoka kuteka maji bondeni, mkono ukavunjika. Mwaka wa thelathini huu Nyamalulu inapiga kura na bomba hakuna.

— Tisini na tano, alianza hata kabla ya kikombe kumfikia, tulikuwa wakulima wa pamba watupu. Tulimpa mtu mmoja kura zote. Alituletea nini?

— Kofia, alisema Festo, fundi pikipiki anayejiita Injinia.

— Kofia! Elfu mbili na kumi wakaja vijana wa machimboni, wakapanga vyumba, wakageuza matokeo. Tukasema sasa wataogopa. Wapi! Kumi na tano mtaa ukagawanyika, wa kando ya lami huku, wa machimboni kule. Safari iliyopita mgombea akawa mmoja. Sasa hapo unachagua nini?

Bujiku, mchimbaji aliyebandikwa jina la Duara, kama wachimbaji wanavyoita shimo la dhahabu, kwa kupenda mashimo, aligonga benchi.

— Mimi nawaambia, kura zetu ni marudio! Wanasaga jiwe, wanatoa dhahabu yao, sisi wanatumwagia mchanga uliobaki.

— Siyo hivyo, Duara, alisema Festo. Ni mpaka. Aliyechora kata yetu alikunywa. Nyumba za wageni kaziweka mjini, sisi katuacha na mbuzi.

— Mpaka gani! alidakia mzee mmoja wa ukingoni. Ni ule wino wa kidoleni. Unaingia kwenye damu. Miaka mitano hukumbuki ulimpa nani wala alikuahidi nini!

— Mimi nakumbuka! Gelasius alifoka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Nakumbuka kila namba! Mke wangu amelala ndani na plasta, halafu mtu ananiambia wino? Wanatudharau kwa sababu tunajulikana tutapiga vipi. Wa lami vile, wa machimboni vile. Nani ahangaike na sisi?

Benchi zima likaitikia. Hata Eustace akaacha kumimina.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja na daftari kwapani. Alikuwa Mariana, mshonaji aliyehamia kutoka Masumbwe mwezi huo huo.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mayu, alijibu Eustace, akimwita mama kwa Kisukuma. Karibu kahawa.

Alikaa ukingoni, akanywa kidogo kidogo, akiwasikiliza. Kisha akamgeukia Gelasius.

— Mwalimu, pole sana kwa mama. Mimi natoka kwa mwenyekiti wa mtaa. Kile kioski cha maji kilichokuwa kijengwe hapa kwetu wamekipeleka mtaa wa pili.

— Si unaona! Gelasius aliruka. Si unaona wanavyotufanya? Nani kaamua?

— Ilikuwa tuamue sisi, kwenye mkutano wa Jumamosi. Tukahesabiwa, tukawa kumi na wanne, akidi haikutimia. Wenzetu kule walijaa mpaka barabarani. Na mimi mgeni nilisikia tangazo, nikaenda.

Akakizungushia kikombe viganja vyote viwili. Hakuuliza kwa ubaya. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kuelewa.

— Nyie mlikuwa wapi?

Festo akaangalia spana yake. Bujiku akakohoa. Gelasius aliikumbuka Jumamosi vizuri. Gari la matangazo lilisimama pale pale, mbele ya benchi, spika ikiunguruma, na yeye mwenyewe ndiye aliyempungia dereva mkono asogee mbele, maana kelele zilikuwa zinamkatisha akiwaeleza wenzake jinsi walivyopiga kura mwaka elfu mbili na kumi.