Marretje na Asili ya Neno Kabeljauw

Ndugu waombolezaji, tumechoka sote, kwa hiyo familia imeniomba mimi Lubbert, mdogo wa marehemu, niisome historia hii bila kuirefusha.

Dada yetu Marretje Hakvoort alizaliwa hapa Urk, kijiji chetu cha wavuvi, tarehe 9 Machi 1951, akiwa mtoto wa kwanza wa mvuvi, akasoma shule ya msingi hapahapa, kisha akaenda chuo kikuu cha Leiden kusomea lugha, jambo ambalo baba hakulielewa mpaka anaingia kaburini.

Mwaka 1976 aliajiriwa na ofisi ya kamusi ya Kiholanzi, na tarehe 12 Mei 1978 alifunga ndoa na shemeji yetu Jelle, mvuvi, akarudi Urk na kazi akawa anaifanyia nyumbani, wakajaliwa binti mmoja, Hiltje. Mwaka 1984 alikabidhiwa neno kabeljauw, jina la yule samaki mwenye unywele mmoja kidevuni aliyetulisha sote, aeleze lilikotoka. Wengine walidai tulilichukua kwa Wabaski, wavuvi wa kule Hispania, wengine kwamba Wabaski walilichukua kwetu wakazipindua silabi zake, na dada, ambaye hakuwa mtu wa kukisia, akakataa kuandika lolote asiloweza kulithibitisha. Shemeji alirudi kutoka baharini kila Ijumaa akakuta makaratasi mezani, akasema, "Samaki huyu namkimbiza huko, kumbe wewe umemkalisha kwenye kiti changu."

Jelle alistaafu mwaka 2012, akamwomba dada aache kazi pia, wakae kama mume na mke, naye akajibu, "Nikimaliza neno hili, baba Hiltje," na jibu hilo tulilisikia miaka mingi, mpaka tukaacha kuuliza.

Oktoba 2023 dada aliandika maneno mawili tu, "asili haijulikani", akafunga kazi, na Novemba akagundulika ana saratani ya kongosho. Hospitalini alimwuliza Jelle kama amemkasirikia, naye akamjibu, "Sina hasira, nimechoka tu, hebu sogea," akapanda kitandani na soksi zake, wakalala hivyo, na wauguzi hawakumshusha. Dada alifariki tarehe 17 Januari 2024.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi hao, majirani mlioleta supu, na wenzake wa kamusi, ambao tunajua mna maswali bado kuhusu neno hilo, lakini si leo.

Dada Marretje, jibu hukulipata, na Jelle alikusubiri hata hivyo, basi lala sasa, upumzike kwa amani.