Chuma Tupu Ndani ya Moteri

Bandugu na badada wa jumuiya, amani iwe kwenu. Musiogope, sitahubiri. Nina shukrani moja tu, kisha nitakaa.

Kazi yangu munaijua: ninasuka upya nyaya za shaba ndani ya moteri. Hapa kwetu Kisangani, mwenye moteri anakaa pembeni ya fundi wakati inafunguliwa, maana shaba ya zamani inauzwa, na ni yake. Mimi pia ninapenda akae. Macho yake inalinda jina langu.

Bon. Mama moja, muchuruzi wa bidhaa sokoni, kutoka Butembo, alileta moteri ya tricycle yake ya umeme, ile ya magurudumu matatu. Ilikuwa imekufa. Jina lake sitalitaja. Alikaa, tukaanza kufungua. Halafu wakamuita: bidhaa yake imefika bandarini. Akasema, "Papa, endelea tu, ninarudi sasa hivi."

Nikafungua. Ndugu zangu, nawaambia, nilitoka jasho. Shaba ya pembeni ilikuwepo, lakini kile cha katikati chenye kuzunguka kilikuwa chuma tupu chenye meno. Hakuna sumaku, hakuna hata uzi moja wa shaba. Tangu nizaliwe sikuwa nimeona moteri kama ile. Nilikuwa bado nimekishika wakati mama alirudi.

"Papa, sumaku iko wapi?"

"Mama, nimekuta hivi."

"Umekuta hivi? Mimi nikitoka kidogo tu?"

Nikawaza: izunguke kwanza, maneno yataisha. Waya moja ilikuwa imekatika. Nikaiunga, nikafunga, nikaipa umeme ya batri. Ikashtuka mara moja, ikaganda. Batu ba soko walikuwa wamejaa mulangoni, maana atelier yangu, karakana, iko palepale sokoni. Mama akasema kwa sauti, "Sumaku yangu, ameikula."

Neno ile ikafika kila mutaa. Hakuna aliyeniletea tena hata ventilateur ya kupepea. Mutu alikuwa akipita mbele ya atelier anashika mufuko wake. Munacheka, lakini mimi sikucheka. Nilimukasirikia Mungu pia, niseme wazi. Nikafunga mulango, tukaenda Isangi kwa wakwe zangu, nikabeba mizigo ya pirogue, mitumbwi ya mutoni. Muke wangu hakuniuliza kitu. Alisema tu, "Baba batoto, mimi ninakujua." Hiyo njo ilinishikilia.

Siku moja ya soko, mama yule akashuka kwenye boti pale Isangi na karito kubwa, boksi ya karatasi. Nikajua ameleta polisi. Kumbe iko peke yake. Akakaa juu ya gunia, akapumua.

"Papa, niliagiza moteri ingine. Nikasema isifungwe kwenye tricycle mpaka ifunguliwe nione ndani, sababu niliogopa wezi. Nikakuta chuma tupu. Muuzaji akanicheka. Anasema ilizaliwa hivyo, wanaiita moteur à réluctance, moteri isiyohitaji sumaku."

Ndani ya karito kulikuwa na moteri ile ya kwanza, pamoja na kisanduku chake cha kuiongoza, ambacho mimi sikukiona siku ile kwa sababu kilibaki ndani ya tricycle. Kisanduku kinaipa umeme shaba moja ya pembeni, kisha ya pili, kisha inayofuata, na meno ya chuma inakimbilia kila inakoitwa. Bila hicho, inaitwa mara moja na inabaki palepale. Tukaunganisha na batri. Ikazunguka kwa kelele nyingi. Nililia mbele ya wakwe zangu, na sikuona haya.

Mama angeweza kusema pole na kurudi. Alikataa. "Nilikuita mwizi sokoni. Pole ya Isangi haifiki sokoni." Tukapanda boti pamoja mpaka Kisangani. Akasimama pale pale aliponihukumu, akasema mbele ya batu, "Huyu papa hakuiba kitu. Ni mimi sikujua."

Ninashukuru muke wangu. Ninashukuru wakwe waliotulisha bila swali. Na ninyi, ukifungua kitu ukakuta pengo, usianze na "nani amechukua?" Uliza kwanza kama kulikuwa na kitu.

Na mama yule iko kati yetu leo, ameinamisha kichwa tangu nianze kusema. Mama, inua kichwa. Hata mimi fundi sikujua.