Msumeno Unaotema Mnyororo

Benchi la Mama Tabea, muuza kahawa, lilikuwa pale Njombe mabasi ya Makambako yanapogeuzia, na mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Wa kushoto akiinuka bila kuaga, wa kulia walishuka ghafla na kahawa ikawamwagikia magotini. Asubuhi ile ya Juni, mwaka wa hamsini na tisa, umande ulikuwa umeganda mweupe juu ya majani na kila mtu alikuwa amekumbatia kikombe chake kama kifaranga. Walikuwepo wale wale. Bama, jina lake Enoki, askari wa zamani aliyepigana Bama, yaani Burma, katika vita vya pili vya dunia, na ambaye masikio yake bado hayajarudi kutoka huko. Spana, jina lake Kasimiri, fundi baiskeli. Na ndugu wawili wapasua mbao, Efraimu na Abrahamu, ambao mji mzima uliwaita Wa Juu na Wa Chini. Kwa miaka kumi na minane walikuwa wamepasua magogo kwa msumeno mrefu wa shimoni: Efraimu amesimama juu ya gogo anavuta, Abrahamu yuko chini shimoni anavuta naye, na unga wote wa mbao unamwangukia yeye machoni. Mwaka ule walikuwa wamenunua msumeno mdogo wa petroli.

Juu ya kreti la Mama Tabea kulikuwa na furushi lililoletwa na basi la asubuhi kutoka dukani Makambako. Ndani yake mlikuwa na ndimi mbili za msumeno huo, yaani vile vipande bapa vya chuma ambavyo mnyororo wenye meno huzunguka pembeni mwake. Ulimi mmoja mrefu, mwingine mfupi. Mlikuwa pia na minyororo miwili, mmoja mnene, mwingine mwembamba. Mwenye duka alikuwa ameandika kikaratasi: chagua ulimi mmoja na mnyororo mmoja, vinavyobaki virudi na basi la saa sita.

Bama: Yaani msumeno umetema tena?

Wa Juu: Jana mara nne. Mara ya nne mnyororo umepita hapa, karibu na sikio la kaka.

Wa Chini: Ulinipigia mluzi.

Spana: Ndimi ngapi sasa?

Wa Juu: Ule uliokuja na mashine, na ule nilionunua Aprili. Huu utakuwa wa tatu. Na boriti za kenchi za shule zinatakiwa Jumamosi. Mwashi ameniambia, Efraimu, Jumamosi zikipungua, Jumatatu nawataka shimoni na msumeno wenu wa zamani.

Hapo kila mtu alimtazama Wa Chini, na yeye akatazama kahawa yake. Macho yake yalikuwa mekundu, yanachuruzika hata pasipo moshi. Daktari wa hospitali ya Bulongwa alikuwa amemwambia kwa upole kwamba akirudi shimoni mwaka mmoja zaidi, hataiona Krismasi ya mwaka wa pili. Hakumaanisha kufa. Alimaanisha kuona.

Wa Chini: Nitaingia tu. Shimo nalijua, na lenyewe linanijua.

Wa Juu: Huingii.

Aliinuka kwa hasira, na benchi likapanda upande mmoja. Spana akalowa mpaka gotini.

Wa Chini: Gonga kabari!

Wote wakacheka, hata Spana. Huo ndio uliokuwa mwito wa Wa Chini kutoka shimoni, miaka yote. Mbao ikibana msumeno, yeye hupaza sauti, na Wa Juu hupigilia kabari ya chuma kwenye mpasuo mpaka ukafunguka na msumeno ukapumua. Sasa aliusema popote, kanisani kukibanana, basini kukijaa.

Mama Tabea: Kabari mtagonga lini kwenye benchi langu? Mbao mlipasua wenyewe, mguu mkaukata mfupi wenyewe. Sasa kunyweni, birika haliko mbali na mwisho.

Spana: Tusikilizane. Ugonjwa huu mimi nautibu kila siku. Cheni ya baiskeli inatoka kwa nini? Imelegea. Unatoa pingili moja, unafunga, basi. Samaki mkunje angali mbichi.

Mama Tabea: Hiyo ni ya kulea watoto, Spana.

Spana: Na mnyororo ni nini? Mtoto wa msumeno.

Wa Juu: Nimeukaza mpaka ukagoma kuzunguka. Ukatema hivyo hivyo.

Bama: Kwa sababu hujaniuliza mimi. Kule Bama niliona kifaru kikitema mnyororo. Kifaru! Tani ishirini! Na kwa nini? Kilikata kona kushoto. Vyote vilivyokata kona kulia vilifika salama. Wa Juu, wewe unakata mti kutoka upande gani?

Wa Juu: Upande ambao mti upo.

Bama: Ndipo unapokosea. Zunguka, uwe nao kulia. Na chukua ulimi mrefu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mama Tabea: Mkuu ni mtu, Enoki. Si chuma kirefu.

Bama: Mama, jeshini mkuu ni yule mwenye bunduki ndefu.

Wa Juu alichukua ulimi mrefu, akaushika mbele yake. Mashine yenyewe ilikuwa ndogo, imefungwa ndani ya blanketi chini ya benchi, na Wa Chini alikuwa ameiwekea miguu juu ili apate joto. Ulimi ule ulikuwa mrefu kuliko mashine mara mbili na nusu.

Wa Chini: Huo utaibeba mashine, badala ya mashine kuubeba.

Spana: Acheni urefu. Mimi nimeona sasa. Ni baridi! Chuma kikipata baridi kinanywea. Ulimi unanywea, mnyororo unabaki ulivyo. Suruali pana, mtu mwembamba. Itaanguka tu.

Wa Juu: Na mnyororo si chuma?

Spana: Ni chuma, lakini unazunguka. Anayezunguka hasikii baridi. Dawa yake, msumeno ukakae Makambako, kwenye joto, na miti ipelekwe huko.

Mama Tabea: Makambako kuna joto? Kuna upepo wa kung'oa masikio!

Spana: Upepo si baridi, Mama. Upepo ni hewa yenye haraka.

Bama: Na miti utaipeleka na nini?

Spana: Na basi. Kama viazi vinakwenda na basi, mti una nini?

Bama: Spana, wewe akili imeshanywea kwa baridi. Jambo ni hili. Tunakata mti gani? Mkaratusi. Mkaratusi ulitoka wapi? Ng'ambo, kwa meli. Msumeno ulitoka wapi? Ng'ambo, kwa meli nyingine. Wageni wawili wamekutana nyumbani kwa watu, nani atamkaribisha mwenzake? Kila mmoja anangoja, mwisho wanatemeana. Kesho asubuhi uanze na mti wetu wa kienyeji, uutambulishe kwanza msumeno.

Mama Tabea: Uutambulishe vipi?

Bama: Kwa jina! Na pombe ya ulanzi kidogo, uimwage pale kwenye tangi.

Wa Chini: Usimwage ulanzi wangu kwenye tangi la mtu.

Wa Juu hakucheka. Jua lilikuwa limeshapanda, umande umeyeyuka, na kule barabarani dereva wa basi alikuwa anakagua matairi. Alichukua ulimi mfupi kwa mkono mmoja, na mnyororo mnene kwa mkono mwingine.

Wa Juu: Nachukua hivi. Ulimi mfupi, mashine itauweza. Na mnyororo mnene, kwa sababu mnene una nguvu. Mashine niliiagiza na mnyororo mnene, Aprili nikachukua mnene tena, na kwenye nguvu sikukosea.

Spana: Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mama Tabea: Hiyo angalau umeiweka mahali pake. Leo ni siku gani?

Ndipo akaja mwanamke mmoja na shuka begani, amebeba kichwa cha cherehani kifuani kama mtoto mgonjwa. Jina lake Lucia, fundi wa nguo kutoka Makambako. Alikuwa amekileta Njombe kutengenezwa na sasa alikuwa anangoja basi la kurudi.

Lucia: Kamwene.

Wote: Kamwene, dada.

Bama: Sogeeni, sogeeni. Ila ukae katikati, dada. Hapa pembeni ni kama meli.

Mama Tabea alimpa nusu kikombe, akaeleza kwa nini ni nusu. Lucia akanywa, akatazama vyuma juu ya kreti. Wakamweleza habari yote kwa pamoja, kifaru, baridi na wageni wawili wa ng'ambo, mpaka akaweka cherehani chini ili asikie vizuri.

Lucia: Na ule uliotema jana uko wapi?

Tangu asubuhi walikuwa wakiujadili, na hakuna aliyeufungua. Wa Chini akaondoa miguu, akavuta blanketi, msumeno ukatoka na ulimi wake wa zamani, mnyororo wa jana ukiwa kando. Lucia akainamisha kichwa. Akaufuata kwa kidole ule mfereji mwembamba ukingoni mwa ulimi, ambamo miguu ya mnyororo hupita. Kisha akachukua ulimi mpya mfupi, akaufuata vile vile. Akarudi kwa wa zamani.

Lucia: Samahani, kaka zangu. Mimi najua sindano tu. Mbona huu wa zamani mfereji wake uko wazi, na huu mpya umefumba?

Bama alitazama mawingu kana kwamba kifaru kingepita. Spana alifungua mdomo, akatafuta methali, akaukosa hata mwanzo wake.

Wa Chini alisogeza macho yake mabovu karibu kabisa na chuma. Hakuona vizuri, akatumia ukucha. Ukucha ukapita ukingoni mwa mfereji, ukakwama, ukapita, ukakwama.

Wa Chini: Efraimu. Hapa kuna alama za kabari.

Wa Juu aliingiza mkono mfukoni taratibu. Alipoutoa, kiganjani kulikuwa na kabari ndogo ya chuma, kichwa chake kimepondeka kwa nyundo. Alikuwa ameshaileta, tayari kwa ulimi wa tatu.

Wa Juu: Mnyororo ulikuwa hauingii. Ulikuwa umebanwa, kaka. Nami msumeno ukibanwa... umenifundisha mwenyewe.

Wa Chini: Nilikufundisha kufungua mbao.

Wa Juu: Miaka kumi na minane unaniambia gonga kabari. Nikagonga. Nikaupa nafasi upumue.

Spana: Ulimi wa kwanza nao?

Wa Juu: Na wa kwanza.

Hakuna aliyemcheka. Lucia alichukua mnyororo mwembamba, akautia kwenye mfereji wa ulimi mfupi. Miguu yake ikaingia yenyewe, bila kusukumwa. Akausukuma ubavuni kwa kidole gumba, nao ukasimama wima. Kisha akachukua ule wa jana, akaurudisha kwenye ulimi wa zamani, akausukuma hivyo hivyo. Ukalala ubavu kama mlevi.

Lucia: Kwangu uzi mnene nautafutia sindano yake. Tundu la sindano silipanui, kaka. Nikilipanua, uzi utacheza na mshono utaruka.

Spana: Na huu mwembamba utaweza mkaratusi?

Lucia: Hilo sijui. Mimi nimeona kwamba vinakaa pamoja.

Spana ndiye aliyepiga magoti sasa, na safari hii bila methali. Alifungua kifuniko cha mashine, akauvika mnyororo mwembamba kwenye gia, akauzungusha kwa mkono, akihesabu kwa midomo.

Spana: Kila mguu unaingia kwenye jino lake. Haupandi, hauchelewi. Nao umeuzunguka ulimi mfupi wote, nafasi ya kukaza imebaki. Mnene ule, tazama, unapanda juu ya gia jino la tano. Hata bila kabari ungetema.

Bama: Kwa hiyo kushoto na kulia...

Mama Tabea: Enoki, kunywa maji.

Walifunga ulimi, wakakaza mnyororo mpaka ukagusa chuma lakini ukakubali kuvutwa kwa vidole. Kisha Wa Juu akatazama huku na huku akitafuta kitu cha kukata. Macho yake yakatua kwenye gogo la mkaratusi lililokuwa nyuma ya benchi, ambalo Bama huwekea kofia.

Bama: Hilo ni gogo langu!

Wa Juu: Ondoa kofia.

Mama Tabea alifunika birika kwa sahani. Wa Juu akavuta kamba mara tatu, na mara ya tatu mashine ikanguruma, kuku wakakimbia. Wa Chini alisimama palepale, hakurudi nyuma, amefumba macho, anasikiliza. Ulimi ukazama ndani ya gogo. Unga wa mbao ukaruka pembeni, ukaangukia majani, haukumwangukia mtu. Kipande kikaanguka. Akakata cha pili. Cha tatu akakikata kutoka kushoto, akimtazama Bama. Mnyororo ulibaki mahali pake.

Alipozima, masikio ya wote yalikuwa kama ya Bama.

Wa Chini: Haukupiga mluzi.

Wa Juu: Haukupiga.

Wa Chini: Basi Jumatatu nitalala mpaka jua litoke.

Dereva akapiga honi. Lucia alibeba cherehani yake, na kwapani akachukua ulimi mrefu na mnyororo mnene kuvirudisha dukani, kwa kuwa alikuwa akipita hapo hapo. Wengine wakaketi tena, na Mama Tabea akainamisha birika juu ya kikombe cha Bama. Likatoa tone moja, kisha la pili, kisha likapumua tu.

Mama Tabea: Imekwisha. Nendeni mkafanye kazi, wengine wenu kwa mara ya kwanza.

Wakainuka wa kushoto wote kwa pamoja. Benchi likapanda, na Wa Chini aliyebaki kulia peke yake akashuka kwa kishindo.

Wa Chini: Gonga kabari!

Wa Juu alisimama. Alitoa tena mfukoni kile kichuma kidogo, akapiga goti, akakisukuma chini ya mguu mfupi wa benchi, na kwa kisigino cha kiatu akakigonga mara moja, mara mbili.

Benchi likatulia.